Mgomo Mkuu wa Mjini Unguja wa 1948 na Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Skuli tunasomeshwa karafuu, biashara ya watumwa na Mapinduzi ya 1964. Makuli walioisimamisha bandari na mji mzima mwaka 1948 hupewa sentensi moja, na mara nyingi hata hiyo hawapati. Hapa yamekusanywa maswali ambayo wanafunzi, wafanyakazi na watu wa Mjini huyarudia kila inapokaribia Mei Mosi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mgomo mkuu ni nini, na una tafauti gani na mgomo wa kawaida?

Mgomo wa kawaida ni wa mahali pamoja. Wafanyakazi wa kampuni moja wanaacha kazi mpaka mwajiri wao akubali kukaa nao. Mgomo mkuu ni pale watu wa kazi mbalimbali, wenye waajiri mbalimbali, wanapoacha kazi kwa wakati mmoja hata mji ukasimama. Kuli ndiye aliyegombana na kampuni ya bandari, lakini mpishi wa nyumba ya mkubwa naye hawashi jiko.

Dunia imeshaiona migomo ya namna hii. Katika mji wa Seattle, Marekani, mwezi wa Februari 1919, mafundi wapatao 35,000 wa viwanda vya kuunda meli walianza, wenzao wakawaunga mkono, na wagomaji wakafika kiasi cha 65,000. Wenyewe waliendesha majiko ya kulisha watu na kuhakikisha maziwa yanawafikia watoto. Uingereza nayo iligoma siku tisa mwezi wa Mei 1926 kuwaunga mkono wachimba makaa ya mawe. Huko kote palikuwa na vyama vikubwa nyuma ya mgomo. Unguja haikuwa hivyo, na ndiyo maana mgomo wetu unastahili kutazamwa kwa jicho lake wenyewe.

Ulianza lini, na nani walianza?

Ulianza Agosti 1948 na ukaingia Septemba. Walioanza ni makuli wa bandarini, waliokuwa wakifanya kazi chini ya African Wharfage Company, kampuni iliyoshika upakiaji na upakuaji wa mizigo. Wakati huo Sayyid Khalifa bin Harub alikuwa kwenye kiti cha usultani tangu 1911, na Balozi Mkaazi wa Uingereza, aliyekuwa na mamlaka khasa, alikuwa Sir Vincent Glenday.

Sehemu kubwa ya makuli hao walikuwa watu waliotoka bara, au watoto wa waliotoka bara. Walikuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba Ng'ambo, yaani mitaa ya Mjini iliyo upande wa pili wa Mji Mkongwe, wakaoa, wakazaa. Kwenye vitabu vya serikali waliandikwa kama nguvu kazi ya kupita, ilhali wengi walikuwa wamehamia moja kwa moja.

Kwa nini walikasirika?

Njaa ndiyo sababu ya kwanza.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Zanzibar ilikula mchele wa kuletwa, na mwingi ulitoka Burma. Ardhi yetu nzuri ilikuwa imejaa mikarafuu na minazi, na fedha ya karafuu ndiyo iliyonunua mchele. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele ule ukakatika. Serikali ikaanza kugawa chakula kwa vipimo, ikahimiza watu walime muhogo na mpunga. Na mgao wenyewe ulifuata kabila: walioandikwa Waarabu au Wahindi walikuwa na haki ya mchele kuliko walioandikwa Waafrika. Fikiria mtu anayebeba magunia ya mchele begani kutwa nzima, halafu jioni anaambiwa kuwa mchele si chakula chake. Kwa fikra yangu hakuna kodi wala sheria ya wakati ule iliyowafundisha watu siasa haraka kuliko karatasi ya mgao.

Vita viliisha 1945, lakini bei hazikurudi zilikokuwa. Unga, nguo, mafuta ya taa na kodi ya chumba vyote vilipanda, na mshahara ukabaki nyuma. Mfanyakazi wa mwezi alikuwa na pa kukopea, kwa kuwa mwenye duka alijua siku ya mshahara. Kibarua wa siku hakuwa na dhamana hiyo. Meli isipoingia, hana kazi. Asipokuwa na kazi, hana chakula.

Kwa nini mambo yalianzia bandarini na si kwengine?

Zanzibar ni visiwa, na kila kilichoingia au kutoka kilipita mikononi mwa makuli: karafuu na mbata vikitoka, mchele, unga, nguo na saruji vikiingia. Hakukuwa na makontena wakati ule. Gunia lilitolewa tumboni mwa meli kwa winchi na kwa mikono, likashushwa kwenye tishari kama meli imetia nanga nje, likavutwa mpaka gatini, likapandishwa begani hadi bohari. Kutoka hapo mahamali walilisukuma kwa magari ya mkono kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kila hatua ilitaka watu, tena watu wenye ujuzi. Mtu asiyejua kupanga magunia ndani ya meli anaweza kuua wenzake.

Zaidi ya hayo, meli ina ratiba. Kila siku inayolala bila kushushwa mzigo ni hasara kwa mwenye meli, na bidhaa nyengine huoza. Kwa hiyo makuli, waliokuwa wakidharauliwa kuliko wafanyakazi wote wa mji, walikuwa wameshika koo la biashara nzima, na wao wenyewe walilijua hilo.

Tena bandarini watu hufanya kazi kwa makundi, hula pamoja, husubiri meli pamoja kwa saa nyingi. Habari husambaa hapo bila ya gazeti.

Ulienea vipi mpaka ukawa wa mji mzima?

Jiografia ya mji ilisaidia. Kuli, hamali, kibarua wa serikali, fundi, mpishi, boi wa nyumbani: wote wakirudi jioni walivuka Darajani na kuingia Ng'ambo. Walikuwa majirani. Walisali msikiti mmoja, walicheza ngoma moja, walinunua samaki kwa muuzaji mmoja. Mwezi wa Septemba ulipoingia, mgomo haukuwa tena wa kampuni moja. Vibarua wa serikali na watumishi wa majumbani waliingia, na nyumba za mabwana wa Mji Mkongwe zikajikuta hazina wa kupika wala wa kufua.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka ule ule wa 1948, Zanzibar nzima ilikuwa na watu kama 264,000, na Mjini wakiishi karibu 45,000. Katika mji wa kiasi hicho, maelfu wakikaa nyumbani hakuna asiyeona.

Je, ni chama cha wafanyakazi kilichouitisha?

La. Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi hudhani lazima kwanza pawe na chama, ofisi, muhuri na katibu, ndipo watu waweze kugoma. Unguja mgomo ulitangulia chama. Sheria ya kusajili vyama ilikuwepo, lakini makuli hawakuwa na chama chenye nguvu cha kuwasemea. Walikuwa na mikutano, wajumbe waliowachagua wenyewe, na kiongozi aliyejitokeza kutoka miongoni mwao, Abbas Othman.

Jina hilo lingepaswa kujulikana na kila mtoto wa skuli. 

Kuna uhusiano gani na Mombasa na Dar es Salaam?

Uhusiano mkubwa. Mombasa iligoma Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000, kuanzia bandari na reli hadi mahoteli na majumbani, walisimamisha mji kwa karibu wiki mbili. Walikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao, na serikali ikamkamata mwezi wa Agosti mwaka huo na kumpeleka mbali, Baringo. Mwezi wa Septemba 1947 ikaja zamu ya Dar es Salaam: walianza makuli, kisha mgomo ukafuata reli ya kati kuelekea bara.

Na kabla ya hapo makuli wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walikuwa wameshagoma mwaka 1939. Pwani hii ni moja. Mabaharia wa meli na majahazi walikuwa wakilala Mombasa leo na Unguja keshokutwa, na watu walikuwa na ndugu pande zote. Kuli wa Unguja aliposikia kwamba wenzake wa Mombasa wamegoma na baraza la usuluhishi limeundwa kwa ajili yao, alijua kwamba jambo hilo linawezekana. Baada ya Unguja, Nairobi nayo iligoma Mei 1950, pale Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa.

Kulikuwa na fujo?

Kwa mgomo wa ukubwa ule, utulivu ndio uliotawala. Waliouona mgomo kama uhuni wa watu wa bara walikuwa na kazi ya kueleza nidhamu ile ilitoka wapi.

Walipata nini?

Walirudi kazini wakiwa na nyongeza ya mshahara. Si kila walichokitaka, lakini nyongeza. Na serikali ililazimika kuangalia gharama za maisha za mtu wa Ng'ambo kama jambo la dola, si tabu ya mtu binafsi.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba waajiri walijifunza kuhesabu gharama ya kutozungumza. Kabla ya hapo kuli mlalamikaji aliambiwa aondoke, wako wengine mlangoni. Mwaka 1948 hakukuwa na mwengine mlangoni.

Mbona mashamba na Pemba hawakuingia?

Swali hili huulizwa mara nyengine kwa kebehi, kana kwamba watu wa shamba na Wapemba walikuwa waoga. Si kweli, na ni vyema tulieleze.

Mgomo ni silaha ya mtu anayeuza kazi yake kwa mwajiri. Mkulima mwenye mikarafuu yake kumi na konde la muhogo hana mwajiri wa kumgomea. Pemba, ambako karafuu nyingi zaidi za Zanzibar hutoka, wakulima wadogo wengi walikuwa na miti yao wenyewe. Kazi ya kuchuma ilikuja kwa msimu, ikalipwa kwa pishi, na mchumaji wa leo alikuwa mkulima wa kesho. Unguja, kwenye mashamba makubwa, walikuwepo wanaokaa juu ya ardhi ya mwenye shamba, wakilima muhogo wao chini ya mikarafuu na kupalilia kwa malipo ya kukaa hapo. Huyo akigombana na mwenye shamba hapotezi mshahara. Anapoteza nyumba na chakula, kama ilivyowafika wengi mwaka 1958 walipofukuzwa kwa sababu za kisiasa.

Lakini watu wa shamba walikuwa na vita vyao. Mwaka 1951, Kiembesamaki, wakulima walikataa ng'ombe wao wachanjwe kwa amri ya serikali. Nyuma ya suala la ng'ombe lilikuwepo la ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Tarehe 30 Julai umati ulijaribu kuwakomboa waliokamatwa, askari wakapiga risasi, watu wakafa. Wazee wanaviita Vita vya Ng'ombe. Ukivisoma pamoja na mgomo wa 1948, utaona mji na shamba vikiisukuma dola moja kutoka pande mbili, bila ya kushikana mikono. Hilo la kutoshikana mikono ndilo lililonisumbua kila nilipoisoma miaka ile.

Kabla ya 1948 hakukuwa na kitu?

Kilikuwepo. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, wamezijenga kwa miti na udongo wao, lakini ardhi ilidaiwa na matajiri, na kodi ikawa inapandishwa kila inapowapendeza. Watu wakakataa, wanawake kwa wanaume, mpaka serikali ikaweka sheria ya kuzuia upandishaji ule.

Kuli mwenye umri wa miaka 40 mwaka 1948 alikuwa kijana wa miaka 20 wakati huo. Alishaona majirani wakisema hapana kwa pamoja, na mbingu haikuanguka.

Vyama vyenyewe vilikuja lini, na kwa nini viligawanyika?

Vyama vilivyosajiliwa vilizidi katika miaka ya 1950: makuli, maseremala, mabaharia, watumishi wa majumbani na wengineo. Kisha vikakusanyika chini ya mashirikisho. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu mashirikisho yalikuwa mawili.

La kwanza, lililojulikana kwa kifupi kama ZPFL, ni Shirikisho la Wafanyakazi wa Zanzibar na Pemba. Lilikuwa upande wa Afro-Shirazi Party (ASP) na lilihusiana na shirikisho la kimataifa la nchi za Magharibi lenye makao Brussels. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Hassan Nassor Moyo, fundi seremala aliyepanda kupitia chama cha maseremala, akawa waziri baada ya Mapinduzi, na uzeeni akawa miongoni mwa waliosukuma maridhiano ya Zanzibar. Alifariki mwaka 2020.

La pili, FPTU, lilijiita shirikisho la vyama vya kimaendeleo. Lilikuwa karibu na Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu, likahusiana na shirikisho la upande wa kisoshalisti lililokuwa na makao Prague. Kiongozi wake aliyejulikana sana ni Ahmed Badawi Qullatein. Abdulrahman Babu alipotoka Hizbu mwaka 1963 na kuunda Umma Party, viongozi wa FPTU walikwenda pamoja naye.

Kwa hiyo mwaka 1960 kuli wawili waliobeba gunia moja waliweza kuwa kwenye vyama viwili, vyenye wafadhili wawili katika pande mbili za vita baridi, na vyama viwili vya siasa vilivyokuwa vikitukanana. Kazi za bandarini zenyewe zikawa zinagombaniwa: nani aandikwe, nani atolewe, nani ni mwananchi na nani ni mtu wa bara. Nguvu iliyousimamisha mji 1948 ilitokana na watu kutoulizana maswali hayo. Naelewa kwa nini viongozi walihitaji vyama vya siasa, kwa sababu bila ya uhuru sheria za kazi zingeendelea kuandikwa na wengine. Lakini gharama aliilipa mfanyakazi. Hakuna mgomo wa miaka ile ya vyama vingi na ofisi nyingi uliofikia upana wa ule wa watu wasiokuwa na ofisi.

Je, Mzee Karume alikuwa mfanyakazi wa bandarini?

Alikuwa mtu wa bahari. Alifanya kazi melini akiwa kijana, kisha akaongoza ushirika wa wenye mashua waliokuwa wakivusha abiria kutoka melini hadi ufukoni. Wengi waliomfuata walimjua kwa kazi hiyo kabla ya kumjua kwa siasa.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 vyama vilikwenda wapi?

Mashirikisho mawili yaliunganishwa, kisha kazi za vyama zikaingizwa ndani ya ASP. Hoja ilikuwa kwamba serikali sasa ni ya wakulima na wafanyakazi, kwa hiyo hakuna wa kumgomea. Tanganyika nayo, mwaka huo huo wa 1964, ilivunja shirikisho huru na kuweka NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Baada ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977, ikaja JUWATA kwa pande zote mbili za Muungano, jumuiya ya wafanyakazi iliyokuwa chini ya chama hicho.

Baadhi ya wazee wanaikumbuka enzi hiyo kwa wema: eka tatu tatu, nyumba za Michenzani, matibabu na skuli bila malipo. Hayo yalikuwepo. Lakini mfanyakazi aliyekuwa na ugomvi na mkuu wake alipaswa kuupeleka kwa chama kilichomteua mkuu huyo.

Leo hali ikoje? Mfanyakazi wa Zanzibar ana haki ya kugoma?

Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake. Muhimu ni mbili: Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005. Vyama huru vimerudi, na vingi viko chini ya ZATUC, shirikisho lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walimu wana ZATU, wafanyakazi wa mahoteli na majumbani wana CHODAWU-Z.

Haki ya kugoma imo kwenye sheria, lakini ina masharti: usuluhishi kwanza, taarifa kabla, na kazi zinazohesabiwa kuwa za lazima kwa uhai wa watu zina vizuizi vyake. Usitoke kazini kwa kusikia tu kwamba haki ipo. Onana na chama chako, soma kifungu, andika barua.

Ninaowafikiria zaidi ni vijana wa mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa. Wengi wana mikataba ya msimu, na wengine hawana karatasi yoyote. Watalii wakipungua huambiwa wakae nyumbani, kama kuli alivyokaa asipoiona meli. Kujiunga na chama si hatia, na mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu hiyo.

Nataka kuandika kuhusu mgomo huu. Nianzie wapi?

Anzia Nyaraka za Taifa, Kilimani. Omba mafaili ya kazi na ya bandari ya miaka ya 1940, pamoja na ripoti za mwaka za serikali. Tazama pia magazeti ya wakati ule kama Al-Falaq na Samachar, ukikumbuka kwamba kila moja lilikuwa na wenyewe, na mwenyewe wa gazeti hakuwa kuli.

Kisha nenda nyumbani kwa watu: Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Malindi. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1948 sasa anakaribia miaka tisini, kwa hiyo usingoje likizo ijayo. Usiwaulize wanaume tu. Muulize bibi nyumba ilikula nini zile siku ambazo mume hakwenda bandarini, nani alikopesha unga, na nani alikataa. Piga hodi asubuhi, amkia kwa shikamoo, kaa kitako, na uache mzee aanze anapopataka mwenyewe. Mwombe ruhusa kabla ya kurikodi, na ukimaliza kuandika umrudishie umsomee, maana atakusahihisha jina la mtaa au la nahodha ambalo hakuna faili litakalokusahihisha.